Nina miaka 56, ofisini naanza kuonekana mzigo. Niombe kustaafu kwa hiari au nijikongoje mpaka 60?

MamaTaipu

Habari za jioni wanajukwaa. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi ila kuandika ndo leo mara ya kwanza, kama nimekosea jukwaa mods mtanihamisha.

Mimi ni katibu muhtasi kwenye halmashauri moja hivi, siitaji maana najua na wenzangu wa ofisini wamo humu. Siku hizi tumebadilishwa jina tunaitwa waandishi waendesha ofisi, kazi ni ile ile. Nilisoma Uhazili Tabora enzi hizo taipraita arobaini zinalia ndani ya chumba kimoja kama mvua ya mawe juu ya bati, mwalimu anapita anakufunika vidole na kitambaa ili usichungulie vibao. Hati mkato niliiva mpaka maneno 100 kwa dakika. Ajira nimeanza 1992 na wakurugenzi waliopita mbele yangu nimeshaacha kuwahesabu.

Sasa shida yangu. Kama miaka miwili hivi kazi imeanza kunikimbia. Mwezi uliopita nimetaipu barua ya malipo ya mkandarasi, mahali pa 33,500,000 nimeweka 38,500,000, bosi akasaini bila kuangalia kwa sababu mimi huwa sikosei, barua ikafika uhasibu wakairudisha na ikawa aibu ya kwenda na kurudi. Bosi wangu ni kijana wa miaka 38, ana adabu zake, hakunifokea. Aliniambia tu "mama pumzika kidogo, hizi za fedha tutampa mwanafunzi wa field." Bora angefoka jamani. Tangu siku hiyo barua zote zenye namba zinaenda kwa binti wa miaka 22 na mimi napokea wageni na kuandika nani kaja saa ngapi.

Halafu hiyo mifumo. Ruhusa ni kwenye mfumo, PEPMIS ya kujaza kazi zako ni kwenye mfumo, madokezo sabili (yale maandishi ya ndani ya kuomba idhini ya bosi) sasa yanapanda kwenye ofisi mtandao. Paswedi nimeshaisahau mara tatu, kijana wa TEHAMA nikimpigia naskia kabisa anavuta pumzi kabla hajaitika "naam mama".

Naombeni mniambie ukweli, hii ni akili ya uzee? Mama yangu alianza kupoteza kumbukumbu akiwa na 70 kwa hiyo naogopa. Je niandike barua ya hiari niondoke na heshima yangu au nikae mpaka 60? Na nyie mliozeekea kazini mnafanyaje?

---

Dar_mpaka_Moro

Chukua chako mapema mama ukafuge kuku. Kazi haina shukrani.

---

Mkokotoaji

Huyo wa kuku msimsikilize, nimewaona wastaafu wangapi wamemaliza mafao kwenye banda, ukija ugonjwa wa mdondo wiki moja hakuna kuku hakuna hela.

Mleta mada tuongee hesabu kwanza kabla ya hisia. Umri wa hiari kwa mtumishi wa umma ni 55 na wa lazima 60 (madaktari bingwa, wahadhiri waandamizi na maprofesa wao wana wa kwao, hiari 60 na lazima 65). Wewe umeshavuka 55 kwa hiyo haki ya kuondoka unayo leo hata kesho. Lakini pensheni ya PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) inakokotolewa kwa miezi uliyochangia kuzidisha wastani wa mshahara wa mwaka kugawa kwa 580, na wastani wenyewe unachukuliwa kwenye miaka mitatu ambayo mshahara wako ulikuwa mkubwa zaidi. Ukiondoka sasa unaacha miezi arobaini na kitu ya mchango mezani na kama kuna daraja ulikuwa unasubiri kupanda ndo basi tena. Mkupuo (ile sehemu ya mafao unayopewa mara moja ukistaafu) 2022 uliwekwa 33%, 2024 ukapandishwa hadi 40% kwa waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa inatoa 50%, wengine 35%. Kinachobaki kinakuja kila mwezi mpaka unakufa, na ukubwa wa hicho cha kila mwezi ndo unaouamua sasa hivi.

Sikwambii ubaki. Nakwambia usiandike barua ya hiari kwa sababu bosi alikwambia pumzika. Hiyo sio sababu ya kifedha hiyo ni hasira.

---

Kijana_Hana_Ajira

Samahani sana mama yangu ila lazima isemwe. Sisi huku tuna digrii tunauza chaji za simu stendi na maofisini kuna watu hawawezi hata kuambatisha faili kwenye imeili. Mkitoka ndo nafasi zinapatikana.

---

Mkokotoaji

Kijana nafasi haipatikani kwa mama kutoka. Inapatikana kikitoka kibali cha ajira mpya. Ofisini kwetu wamestaafu watano, kiti cha mmoja tu ndo kimejazwa na huyo aliyejaza kahamia kutoka mkoa mwingine. Uchungu wako naujua, nami nina mwanangu nyumbani, ila mama huyu sio aliyekalia mkate wako.

---

Lenzi

Mimi napima macho, hiyo ndo kazi yangu ya kila siku. Mama nimesoma hiyo 33 na 38 nikacheka peke yangu, sio kwa dharau, ni kwamba kila wiki nampokea mtu mmoja wa namna yako anayedhani ameanza kuchakaa akili kumbe hajaona.

Nijibu haya kwanza. Unavaa miwani? Ulipimwa au ulichagua stendi kwa kujaribu? Makosa yanatokea zaidi jioni? Unapotaipu kidevu kinapanda juu kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani?

---

MamaTaipu

Shikamoo daktari kama umenizidi. Miwani ninayo, nilinunua stendi elfu tano, imeandikwa +2.50. Biblia naisoma vizuri kabisa hata maandishi ya chini. Makosa ni saa nane kwenda mbele, na shingo inauma ila nilidhani ni godoro. Kidevu sijui, nitamuuliza yule binti.

---

Lenzi

Marahaba, ingawa nakuhisi tunalingana.

Sasa sikiliza vizuri. Kuanzia miaka ya arobaini na kitu lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu, haijikunji tena kuangalia vitu vya karibu. Hilo halimkwepi mtu, awe profesa awe mchunga ng'ombe. Ndo maana mtu anaanza kusogeza gazeti mbali mpaka mkono unaisha. Miwani ya kusomea inasaidia lakini ina umbali wake na wauza miwani wa stendi hawakwambii. Chukua 100 gawa kwa hiyo namba, 100 kwa 2.5 unapata 40. Yaani kama macho yako ya mbali ni mazima, hiyo miwani inaona safi mpaka sentimita 40 tu, ambapo ndo unaposhika Biblia. Kioo cha kompyuta kiko wapi? Kachukue futi kamba upime kutoka kwenye jicho, nina hakika ni 60 au 70. Hapo kila kitu kina ukungu kidogo, na kwenye ukungu herufi ubongo unazibahatisha kwa sababu neno linajulikana, ukiona "mkandar..." unajua ni mkandarasi. Namba hazibahatishiki. 3 na 8, 5 na 6, 0 na 8 kwenye ukungu ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo makosa yako yako kwenye tarakimu, maneno hukosei. Nimekosea?

Kwa umbali wa kompyuta mtu wa hali yako mara nyingi anahitaji kama +1.50 hivi, lakini usikimbilie tena stendi. Nenda kliniki ya macho wakupime kila jicho kivyake, waangalie mtoto wa jicho, wapime presha ya jicho, na umwambie akupimie kwa umbali wa kompyuta, umtajie sentimita zako ulizopima. Na pima sukari. Sukari ikipanda na kushuka macho yanaona leo vizuri kesho vibaya, watu wananunua miwani mitatu kumbe tatizo liko kwenye damu.

Wanaodhani miwani ni urembo niwaambie kitu. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Assam India kwa wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea, nusu wakapewa miwani ya karibu, nusu wakasubiri mpaka msimu uishe. Uchumaji wa wenye miwani ulipanda kwa kama asilimia 22 zaidi ya wa wenzao. Kuchuma chai, ambako mtu unadhani ni nguvu za mikono tu. Hakuna aliyeongezewa akili pale.

---

Root_wa_Mkoa

Shikamoo mama. Mimi ndo huyo anayevuta pumzi 😂 sio wa ofisini kwako ila ofisini kwetu mimi ndo huyo.

Nikwambie upande wetu bila kupaka mafuta. Mtu mzima kuwa taratibu hakunichoshi. Kinachonichosha ni mzee ananikabidhi simu yake na kipanya chake anasema "wewe nifanyie tu mwanangu", namfanyia, kesho ananiita kwa kitu kile kile. Mwaka wa pili sasa nawajazia PEPMIS watu wanne mpaka najua kazi zao kuliko za kwangu. Sasa anayesema "subiri nishike mwenyewe we niambie tu nibonyeze wapi" huyo hata akichukua nusu saa nakaa naye, maana najua haniiti tena.

Kwa hiyo ukija kwangu kipanya shika wewe. Njoo na daftari, andika hatua kwa maneno yako, sio ya kwangu. Kuna mama mmoja wa masjala kaandika "bonyeza kale kapipa ka taka ila usikaogope kataniuliza tena", hilo daftari lake limeshasaidia nusu ya ofisi.

Na cha haraka leo leo: shikilia Ctrl halafu bonyeza alama ya kujumlisha, ukurasa wa kwenye mtandao unakua mkubwa. Kwenye Word vuta ule mstari wa asilimia chini kulia mpaka 140 au 150, haibadilishi saizi itakayotoka kwenye printa. Watu wengi wanaogopa kukuza wakidhani barua itatoka kama bango la kampeni.

Halafu msitudharaulie wazee pia. Mwaka jana kulikuwa na mgogoro wa kiwanja, mwanasheria anatafuta barua ya 2009, kwenye mfumo haipo maana mfumo wenyewe haukuwepo. Mzee wetu wa masjala akasema ile haikufunguliwa kwenye faili la ardhi, ilikwenda kwenye la shule kwa sababu mlalamikaji alikuwa mwalimu mkuu. Akaenda akarudi nayo kabla chai haijapoa.

---

Mwalimu_wa_Zamani_Tbr

Binti yangu MamaTaipu, nimefundisha uhazili miaka mingi, si ajabu mmoja wa waliokufunika vidole ni mimi. Niite mwalimu inatosha.

Umeuliza kama ni akili ya uzee. Nikupe habari ya wapiga chapa wenzako. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani anaitwa Timothy Salthouse aliwapima wapiga chapa wa umri wa miaka 19 mpaka 72. Akawapa kipimo cha kuitikia herufi zinazotokea na kugonga kidole haraka haraka, wakubwa wakawa wazito kama inavyotarajiwa. Akawapa kutaipu, wakubwa hawakuachwa. Akajiuliza inakuwaje kidole kizito kitoe kasi ile ile? Akaanza kuwaficha maandishi yaliyo mbele, waone herufi chache tu kwa wakati, hapo ndipo alipoona tofauti. Wale wakubwa walikuwa wanasoma mbele zaidi kuliko vijana, kidole kikiwa kwenye neno hili jicho limeshafika neno la mbele, kwa hiyo kidole kina muda wa kujiandaa.

Sasa unganisha na aliyosema huyu mpima macho. Wewe umeishi miaka thelathini kwa jicho kutangulia. Jicho likipata ukungu, umenyang'anywa ile mbinu yenyewe inayokufanya usionekane mzee. Unabaki na kidole peke yake na kidole kweli kimezeeka.

Jambo la pili ambalo vijana wamelitupa na nyie mkawaachia walitupe. Kusomeana. Zamani barua ya fedha haikutoka mpaka wawili wakae, mmoja ashike rasimu mwingine ashike nakala, mmoja asome kwa sauti tarakimu moja moja, tatu tatu nukta tano, mwingine anaweka tiki kwa penseli. Na kiasi kinaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Kosa lako hilo la milioni tano lingekufa pale mezani. Na bosi aliyesaini bila kusoma naye ana sehemu yake, ila huyo muachie Mungu.

Kuhusu mama yako na kumbukumbu, kusahau paswedi mara tatu sio dalili ya kitu, mimi nina 71 sahau yangu ya paswedi ni ile ile niliyokuwa nayo ya funguo nikiwa na 30. Ungeniambia umesahau njia ya kwenda nyumbani au umesahau mke wa ndugu yako ni nani, hapo ningekwambia kamuone daktari kesho asubuhi.

---

Bandari_58

Wadau mimi niko Mombasa, kiwanda tu cha kawaida, nina 58. Huku kwetu serikalini umri ulikuwa 55 ukapelekwa 60 mwaka wa 2009, lakini kampuni binafsi ni mkataba wenu na mwenyewe. Nyinyi mnaongea macho, mimi naongea magoti. Sisi twasimama masaa manane kwenye sakafu ya simiti.

Supavaiza wetu mmoja alituletea habari ya kiwanda cha magari cha BMW kule Dingolfing Ujerumani, kwamba 2007 walichukua laini moja ya kuunda magari wakaweka wafanyikazi wa wastani wa miaka 47, yaani umri waliotarajia kiwanda chote kitakuwa nao mbeleni, halafu wakawauliza wenyewe nini chawaumiza. Yakatoka mabadiliko madogo madogo kama 70. Sakafu ya mbao, viti kama vya kinyozi vya kukalia kidogo, maandishi makubwa kwenye skrini, kubadilishana kazi ndani ya shifti. Gharama haikuwa kubwa na uzalishaji ukapanda asilimia 7 kwa mwaka. Tulipoisikia tukaomba sakafu ya mbao. Tukaambiwa bajeti hakuna. Basi tukaokota palleti (zile mbao za kuwekea mizigo) zilizovunjika tukazipigilia chini ya miguu wenyewe, na mpira wa tairi kuukuu juu yake. Vijana walitucheka wiki moja, ya pili nikawakuta wamesimama juu yake wao mimi sina pa kukanyaga.

Dada usistaafu. Omba palleti.

---

Dar_mpaka_Moro

Mzee wa Mombasa umeniua 😂😂 naondoa hoja ya kuku

---

MamaTaipu

Wanajukwaa nimerudi, zimepita wiki tatu na nusu. Mwalimu shikamoo sana, nimelia kidogo pale ulipoandika binti yangu.

Nilipima na futi kamba ya kushonea, sentimita 68. Yule binti wa field nilimuuliza kuhusu kidevu akasema "mama huwa unaonekana kama unatutazama kwa dharau, tulidhani ndo ulivyo." Mjue kwamba miaka miwili ofisi nzima ilinidhania nina nyodo.

Kliniki nimekwenda. Sukari iko sawa, presha ya damu ilikuwa juu kidogo wameniambia nirudi baada ya mwezi. Jicho la kushoto lina mwanzo wa mtoto wa jicho, wamesema bado mdogo tunaangalia. Miwani nimepewa miwili, ya kompyuta na ya kusomea, ya kompyuta nimeifunga uzi mwekundu maana siku ya kwanza nilivaa ya Biblia mpaka saa tano nikawalaani mliomo humu.

Tarakimu naziona. Saa nane mchana naziona kama saa mbili asubuhi.

Sio kwamba yote yamenyooka. Barua za fedha bado zinaenda kwa binti, bosi hajasema kitu na mimi sijamuomba. Ila juzi kulikuwa na makabrasha ya baraza la madiwani, binti kataipu kurasa sitini, nikamwambia mwanangu kaa hapa tusomeane. Alinishangaa kama nimemwambia tukatwange mpunga. Ukurasa wa kumi na moja tarakimu zinasema milioni 214 maneno yanasema mia mbili arobaini na moja. Akanyamaza. Mimi nikanyamaza pia, nimejifunza kwa yaliyonikuta. Akarekebisha, tukaendelea, na jana kaniletea rasimu nyingine mwenyewe bila kuitwa na penseli mkononi.

PEPMIS nimeijaza mwenyewe mara mbili, mara ya kwanza dakika hamsini, ya pili ishirini na kitu. Daftari ninalo.

Barua ya hiari nilishaitaipu siku ileile ya mwanzo kabla sijaandika uzi huu, ipo kwenye kompyuta sijaiprinti. Nimeikuza 150 nikaisoma tena, ina makosa mawili kwenye cheki namba (namba ya utumishi) yangu mwenyewe.

---

Root_wa_Mkoa

Hongera mama. Moja tu, paswedi usiandike kwenye daftari wala karatasi chini ya kibodi.

---

MamaTaipu

Umejuaje ni chini ya kibodi?